Kima, Papa na beseni la maji: likizo yetu ya Desemba

Shule ya vidudu ilipofunga mwanzoni mwa Desemba nilikuwa na cherehani moja, oda tatu za nguo za harusi, na watoto wawili wa kuangalia: binti yangu wa miaka 4 na mpwa wangu wa miaka 5. Tunakaa Makorora, hapa Tanga. Siku ya kwanza nilibandika chati ya a e i o u ukutani, nikawakalisha mkekani, nikashika kijiti kama mwalimu kabisa. Dakika kumi hazikuisha. Mmoja analilia maji, mwenzake yuko chini ya cherehani anachomoa bobini.

Usiku huo umeme ukakatika. Mama mkwe, amejiegemeza zake mlangoni, akasema tu, "Paukwa!" Watoto wakamkodolea macho, ikabidi niitikie mimi: "Pakawa!" Akaendelea, "Kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kakaa…" mpaka akaingia kwenye kisa cha Kima na Papa.

Wengi mnakijua. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anakula makuyu na kumrushia rafiki yake Papa majini. Siku moja Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni. Wakifika kilindini ndipo anamwambia: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu, mbona hukusema mapema, sisi tukisafiri mioyo tunaiacha mtini! Papa anageuza, Kima anaparamia mkuyu wake, na hashuki tena. Ni kisa cha zamani. Askofu Edward Steere alikiandika kutoka kwa watu wa Unguja kikachapwa mwaka 1870. Wahindi nao wanacho, ila kwao wa majini ni mamba na mti ni mzambarau. Hilo lilinifaa, maana mkuyu hatuna, lakini mzambarau upo uani na ulikuwa umejaa.

Ila kwanza kisa kiliniharibia usiku. Binti yangu hakulala. "Mama, papa anataka moyo wangu." Asubuhi akakataa hata kuoga. Nilishaamua basi, turudi kwenye chati. Mama mkwe hakubishana nami, akachukua kikapu akaenda sokoni, akarudi na kipande cha papa mkavu. Akakiweka kwenye viganja vya mjukuu wake. "Huyu ndiye papa wako. Mshike. Haya, mnuse." Mtoto akanusa, akakunja pua, akacheka. Mchana tulimla huyo papa kwa mchuzi wa nazi, na hofu ikaishia hapo.

Chati nikaiacha, tukajifunza kwa kisa hicho. Beseni la kufulia likawa bahari. Papa nilimkata kwenye ndala iliyokatika, maana ndala inaelea. Kima nilimshona kwa mabaki ya kitenge nikamjaza sufi. Halafu zambarau kwenye kawa, na kazi ikaanza: Kima amrushie Papa saba. Binti yangu alikuwa na ugonjwa wa kuruka sita. Nne, tano, saba, kila siku. Nimemsahihisha miezi. Safari hii aliyemsahihisha ni binamu yake, kwa hasira: "Umemdhulumu Papa moja!" Wakatoa zote majini, wakahesabu upya. Siku ya tatu sita ilikuwa mahali pake. Midomo na magauni vyote zambarau, doa ambalo, kwa mimi fundi, sitaki kulizungumzia.

Kima wa kitenge alipolowa akawa mzito, akamzamisha Papa. Mimi nilikuwa napinda gauni, sikuingilia. Nilisikia wakijadiliana, kisha mpwa wangu akaenda jikoni akaleta kifuu cha nazi, akampakia Kima ndani kama mtumbwi. Kuanzia hapo kila kitu kilijaribiwa: kokoto, kijiko, kibiriti changu (kizima, mabaki yake nilianika juani). Chungwa la Muheza lilituchezea akili. Zima, linaelea. Nikalimenya kama wanavyomenya wauzaji, ganda la juu tu, bado linaelea. Nilipoondoa na ule weupe wote, likazama tubwi! Nikawaambia huo weupe una hewa, ndio boya lake.

Tulipofika kwenye moyo, tulirukaruka. Kwanza mkono kifuani, kimya, kusikiliza. Kisha kuruka mara ishirini, mkono tena. Binti yangu akatoa macho: "Unakimbia!" Akafikiri kidogo. "Kumbe Kima alikuwa nao. Alidanganya." Akaniuliza kama ni vibaya. Nikamwambia amuulize bibi, na bibi akasema aniulize mimi.

Herufi zilikuja mwisho, tena kidogo. Niliandika PAPA kwenye mchanga wa uani. Ni silabi moja mara mbili, mtoto akiipata moja kapata neno zima. Akaanza kuiona "pa" kila mahali, mpaka kwenye pasi yangu ya mkaa. Kuchora kisa kwa mpangilio kulinishinda. Kila picha ilikuwa Papa akila.

Kisa kilikuwa kilekile kimoja wiki tatu. Mimi nilikichoka siku ya nne. Wao nikikosea neno walinirudisha nyuma.

Januari, asubuhi ya kufungua shule, binti yangu akang'ang'ania nguzo ya baraza, sare mwilini. "Siwezi kwenda. Moyo nimeuacha kwenye mzambarau."

Nikaishiwa maneno. Mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. "Haya, mke mwenzangu, twende tukauchukue." Wakaenda hadi chini ya mti, akainua mkono, akachuma kitu kisichoonekana, akakitia kwenye mkoba na kufunga zipu taratibu.

Tulipofika kona, mtoto akasimama, akaifungua zipu kidogo, akachungulia.