Dawa ya josho la ng'ombe haimfai farasi, na sababu iko ndani ya utumbo wake

Mvua zikinyesha huku Laikipia kupe huongezeka, na simu yangu huanza kulia kwa swali lile lile: daktari, hii dawa ya josho tunayowapulizia ng'ombe, na farasi nao tuwapulizie? Ikiwa lebo imeandikwa amitrazi, jibu langu ni hapana. Lakini katazo lisilo na sababu halidumu. Siku saisi mkuu akiwa likizo na kupe wamejaa masikioni mwa farasi, mtu atalipuuza. Kwa hiyo leo naandika sababu yenyewe.

Utumbo wa farasi haungoji amri ya ubongo ili usogeze chakula. Katikati ya tabaka mbili za misuli ya ukuta wake umetandazwa mtandao wa neva, na mtandao mwingine uko chini ya utando wa ndani. Mwaka 1899, huko London, Bayliss na Starling walizikata neva zote zinazotoka nje kuingia kwenye utumbo wa mbwa, na utumbo ukaendelea kusukuma. Ukuta ukitanuliwa na chakula, misuli iliyo nyuma ya tonge hukaza, iliyo mbele yake hulegea, na tonge linasogea. Leo tunajua kwamba neva hupeleka ujumbe kwa kemikali: za kukaza hutumia zaidi asetilikolini, na za kulegeza hutumia zaidi nitriki oksidi. Pembeni ya neva hizo kuna seli zilizopewa jina la Mhispania Cajal, ambazo hutoa mdundo wa polepole na misuli huufuata.

Kwa farasi kazi hiyo ni kubwa mno. Utumbo mdogo pekee hupita mita 20. Kisha kuna sekamu, mfuko wa karibu mita moja unaobeba lita 30 hivi, halafu utumbo mpana uliojikunja mara mbili, ambamo nyasi huchachushwa na bakteria. Upande wa kushoto, karibu na nyonga, utumbo huo hugeuka kurudi ulikotoka na papo hapo hupungua upana. Hapo pana kituo cha mdundo chenye neva nyingi, na kazi yake ni kuzuia nyuzi ndefu zisipite kabla hazijaiva. Mpangilio huu ni wa ajabu, na mimi huustaajabia kila mara. Ila mdundo ukififia, pale pale ndipo chakula kinapogandamana.

Ubongo nao una mkono wake, lakini ni wa kuongeza au kupunguza. Neva ya vagasi huchochea. Neva za simpatetiki, zile za hofu na mbio, hupunguza: humwaga noradrenalini, nayo hushika vipokezi viitwavyo alfa-2 kwenye neva za utumbo na kuzizuia zisitoe asetilikolini.

Amitrazi hushika vipokezi hivyo hivyo. Ng'ombe kwa kawaida huistahimili, lakini kwa farasi utumbo mpana hulala. Zailazini na detomidini, sindano tunazotumia kumtuliza farasi mwenye msokoto wa tumbo, hupitia mlango huo pia, ndiyo maana tukishamdunga, tumbo hunyamaza kwa muda. Tofauti ni kwamba hizo huisha baada ya saa chache, ilhali amitrazi inaweza kumshikilia kwa siku kadhaa.

Niliwahi kuitwa kwenye ranchi moja karibu na Nanyuki kumwona farasi jike wa kahawia aliyepuliziwa jana yake pamoja na ng'ombe. Alikuwa ameinamisha kichwa hadi usawa wa magoti, mdomo wa chini umelegea, na nilipomgeuza miguu ya nyuma ilipepesuka. Hakujibiringisha wala kuparura ardhi, na hilo liliwatuliza vijana wa banda: wakasema amechoka tu. Niliweka stetoskopu ubavu wa kulia, juu, karibu na nyonga. Hapo, kila dakika moja hadi tatu, sekamu ya farasi mzima hutoa mngurumo mrefu unaoshuka, kama maji ya choo yakivutwa. Nilisubiri, nikasubiri tena. Nikahamia chini, kisha upande wa kushoto juu na chini. Kimya kote. Mkono nilioupitisha njia ya haja ulikuta utumbo wa kushoto umejaa, mzito, ukibonyea polepole kama ugali uliopoa.

Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi kuondoa dawa iliyobaki kwenye manyoya. Nilipitisha mpira kupitia puani hadi tumboni, kwanza kuona kama maji yamejaa humo, kwa sababu farasi hawezi kutapika, kisha nikamimina maji na mafuta laini ya madini. Dripu ikaendelea usiku na mchana, chakula kikaondolewa. Alipona. Kinyesi cha kwanza kilikuwa kidogo, kikavu, kimefunikwa ute, na saisi wake aliniita kwa sauti kubwa nije nikione.

Si amitrazi peke yake. Atropini huzuia asetilikolini moja kwa moja, na hata ile tunayodondoshea jicho lenye kidonda ikirudiwa mara nyingi inaweza kupunguza mwendo wa utumbo. Farasi wa aina hiyo mimi husikiliza tumbo lake kila siku, ingawa nimeitiwa jicho.

Na anayetaka kuona neva hizi zina uzito gani, awaangalie watoto wa farasi wa Kimarekani wenye mabaka ya aina ya overo. Mtoto akirithi jeni husika kutoka kwa wazazi wote wawili, huzaliwa mweupe pepepe. Hunyonya vizuri, kisha tumbo huvimba, na hufa ndani ya siku chache. Seli za rangi na neva za utumbo huanzia mahali pamoja kwenye kiinitete, na kwake hazikufika zilikopaswa kwenda. Utumbo upo mzima kwa macho, ila neva zake hazimo, na hakuna dawa.

Kwa kupe wa farasi, ziko dawa za kundi la pairethroidi zilizoidhinishwa kwa farasi. Soma lebo, na kama farasi hajatajwa, iache. Pampu ya mgongoni iliyobeba amitrazi isitumike kwake, hata ikisuuzwa. Kama tayari amepuliziwa, mwoshe, ondoa nyasi kavu na nafaka, mwachie maji, kisha unipigie siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana ametulia tu.