Mito Miwili Iitwayo Ruvu

Mwaka juzi nilifanya usaili wa kuandika wa taasisi moja ya umma, na miongoni mwa maswali ya kuchagua lilikuwamo lililouliza Mto Ruvu unaanzia wapi. Katika majibu manne, Mlima Kilimanjaro ulikuwamo na Milima ya Uluguru ilikuwamo pia. Mimi niliyezaliwa na kukulia Pangani nilizungushia Kilimanjaro bila kusita, nikatoka ukumbini nimeridhika. Usiku, nilipofungua ramani hapa nyumbani Tanga, ndipo nilipobaini kwamba mtunga swali bila shaka alikusudia Ruvu mwingine, ule unaoshuka kutoka Uluguru, ukapokea maji ya Ngerengere, ukaingia baharini karibu na Bagamoyo, na ambao Dar es Salaam inautegemea sana kwa maji ya kunywa. Wakati wa ukoloni mto huo, hasa sehemu yake ya chini, uliandikwa kwa jina la Kingani. Laiti jina hilo lingeendelea kutumika, huenda leo ningekuwa na ajira.

Hata hivyo, jibu langu halikuwa la kubuni, kwa kuwa Ruvu wa Kilimanjaro upo kweli. Mto Lumi hutelemka kutoka upande wa mashariki wa mlima na kuingia Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, na kutoka ziwa hilo ndipo Ruvu unapoanza. Kwa upande mwingine unakuja Kikuletwa, wenye maji ya Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Mito hiyo miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na mto unaotoka bwawani ndio tunaouita Pangani. Ukiwa njiani huongezewa maji na Mkomazi na Luengera, hupita Korogwe na Hale, kisha humwaga maji yake Bahari ya Hindi kati ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni, pale ambapo tangu utotoni nimevuka kwa kivuko mara nyingi pasipo kujiuliza maji yale yametoka wapi.

Hapa pana jambo ambalo watahiniwa wengi hulikosea, nami nililikosea kwa miaka. Tumezoea kuandika kwamba Pangani unatokana na theluji ya Kilimanjaro, ilhali mchango wa barafu ile ni mdogo sana. Maji mengi ni ya mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlimani, ikazama ardhini na kutokeza tena chini katika chemchemi. Swali la kuchagua halitakudai maelezo hayo, lakini swali la insha linaweza kukudai, na anayeijua sababu hatatetereka swali likigeuzwa.

Baada ya usaili ule nililitupa daftari langu la zamani, lililokuwa na safu mbili tu, jina la mto na chanzo chake. Sasa ninaanza na swali la maji yanaishia wapi, kisha ninapanda nayo kuelekea juu. Kwa njia hii nchi nzima hugawanyika yenyewe. Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma huingia moja kwa moja Bahari ya Hindi. Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, na Mara, unaoanzia kwenye miinuko ya Mau nchini Kenya, huishia Ziwa Victoria, na kwa hiyo maji yake husafiri na Nile mpaka Mediterania. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, ambalo hutoa maji kupitia Lukuga kwenda Kongo na hatimaye Atlantiki. Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa, na maji ya ziwa hilo hufuata Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi upande wa Msumbiji. Inabaki mito isiyofika bahari yoyote, kama Momba unaoishia Ziwa Rukwa na Bubu unaopotelea katika kinamasi cha Bahi. Mtu akishaelewa mgawanyo huo, mabonde tisa ya maji ya Tanzania hayamsumbui tena, kwa maana mengi yamepewa majina ya mito na maziwa hayohayo.

Rufiji ndio mto ninaopendekeza usomwe kwa utulivu kuliko yote, kwa sababu swali la chanzo chake lina mtego. Jina la Rufiji huanzia kwenye makutano ya Kilombero na Luwegu, na Ruaha Mkuu hujiunga mbele yake. Kwa hiyo jibu la vitabu, kwamba Rufiji unatoka Nyanda za Juu Kusini, linahusu matawi yake. Watunga maswali hupenda pia mabwawa ya bonde hili: Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye megawati 204, yote mawili katika Ruaha Mkuu, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 katika Rufiji wenyewe.

Kuhusu Ruvuma sina mengi: unaanzia Milima ya Matogoro karibu na Songea, na sehemu kubwa ya safari yake ni mpaka wetu na Msumbiji.

Wiki iliyopita, tukijisomea na wenzangu wanne wanaosubiri usaili kama mimi, niliwauliza Mto Umba, unaotoka milima yetu ya Usambara, unaishia wapi. Watatu walijibu kwa pamoja kwamba unaishia pwani ya Tanga. Wa nne, ambaye kwao ni Mkinga, alicheka kwanza, kisha akawaeleza kuwa Umba huvuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, nchini Kenya.