Boksi la friji kabla ya mbao

Fundi seremala alikuwa ameshaandika karatasi yake: mbao mbili kwa mbili, bati, kioo cha milimita 4, bawaba, misumari, gundi, na ujira wake chini kabisa. Ami aliikunja akaitia mfukoni mwa kanzu. Kesho yake angeipeleka Wete kununua vitu.

Alichotaka kujenga ni kikaushio cha karafuu. Shamba lake liko Mtambwe, na mwaka ule mikarafuu ilizaa. Mkarafuu hauzai sawasawa, ukikupa msimu mmoja unaweza kukunyima unaofuata, kwa hiyo mwaka wa neema kila mtu hutafuta njia ya kuokoa kila chembe. Karafuu mbichi juu ya jamvi hutaka siku nne mpaka saba za jua, na hizo ni siku za jua kweli. Msimu wetu Pemba huingiliana na vuli. Unaanika asubuhi, adhuhuri wingu limefunga, unaanua mbio mbio na kurundika ukumbini. Karafuu nusu mbichi ikirundikwa hupata joto yenyewe kwa yenyewe, huvunda, na ukija kuikausha inatoka nyeupe-nyeupe, imenywea, nyepesi mkononi. Kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua kwa madaraja, na karafuu ya namna hiyo inashuka daraja bila ya mjadala.

Mchoro wa Ami ulikuwa sanduku la mita 3 kwa mita 1.5, chini bati lililopakwa rangi nyeusi, juu kioo, karafuu katikati kwenye nyavu. Ukiutazama unauona unafaa. Mimi nilimwomba jambo moja tu: kabla ubao wa mwanzo haujakatwa, tutafute ni kitu gani mle ndani ambacho kikiwa si kweli, basi mradi wote umekufa. Si bawaba wala kioo, kwa sababu bawaba mbovu hubadilishwa. Ni ile dhana kwamba karafuu ndani ya sanduku hukauka upesi kuliko karafuu juu ya jamvi. Na kuijaribu dhana hiyo hakuhitaji mbao.

"Sasa utakausha karafuu kwa boksi, mwanangu?"

"Nusu kilo tu, Ami. Mbao zipo dukani, hazikimbii."

Boksi lilikuwa la friji, kutoka duka moja la Chake Chake. Tulililaza kwa ubavu, tukakata upande wa juu wote kwa kisu cha kukatia makapeti, tukabakisha sanduku la sentimita 60 kwa 50, kina cha 30. Kadibodi yenye mawimbi ndani huzuia joto vizuri sana. Ni moja ya sababu ya kuipenda kwa majaribio, na pia ni moja ya njia inavyodanganya, kwa maana ubao mwembamba hauzuii joto kiasi kile. Ndani tulihitaji weusi. Rangi ya mafuta tuliikataa pale pale: ikipata joto kabla ya kukomaa hutoa harufu, na karafuu huinywa harufu hiyo. Bi mkubwa ndiye aliyetoa ufumbuzi, kipande cha buibui kuukuu, akakifua mara ya pili kukitoa udi. Kitambaa cheusi kisicho na mng'ao kinameza jua vizuri kama rangi yoyote.

Juu tuliwamba plastiki angavu ile ya kufunika meza, tukaikaza pembeni kwa mikanda iliyochanwa kwenye tyubu ya baiskeli. Chekecheke la kuwekea karafuu lilikuwa fito nne na kipande cha nyavu ya dirisha, limeinuliwa sentimita 10 kutoka chini ili hewa ipite chini yake. Sanduku tulilipandisha upande mmoja kwa tofali moja. Wengine hushughulika sana kulielekeza sanduku kwenye jua kwa pembe maalumu. Kwetu si lazima. Pemba iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na jua la mwanzo wa Oktoba hupita utosini. Mwinamo ule ulikuwa wa kuteremsha maji ya mvua na kuipa hewa moto njia ya kupanda, basi.

Jaribio lisilo na wa kulinganisha naye ni maneno matupu. Kwa hiyo tulipima gramu 500 za boksi na gramu 500 za jamvi, zote za mkarafuu mmoja, zimechumwa asubuhi ile ile, zimechambuliwa pamoja, makonyo, vile vijiti vya vichala, yametolewa yote. Hapa watu huteleza kwa haraka: ukiweka boksi karafuu za jana na jamvi za leo, huna unachokipima. Mizani ilikuwa ya jikoni, ya kusoma gramu moja moja. Kipimajoto tulikitia chini ya chekecheke, kivulini, kwani kikipigwa na jua moja kwa moja kinasoma joto lake chenyewe, si la hewa. Daftari likapigwa safu nne: saa, uzito wa boksi, uzito wa jamvi, joto.

Tulijua pia tunakwenda wapi. Karafuu mbichi ina maji karibu asilimia 70, yaani katika gramu 500, yabisi ni 150. Ikikauka vizuri hubakiwa na maji kama asilimia 12. Basi mwisho wa safari ni gramu 170 hivi, theluthi ya ulichoanza nacho, na ndiyo maana wakulima husema kilo tatu mbichi kwa kilo moja kavu.

Siku ya mwanzo boksi lilikuwa na matundu madogo tu, manne chini na manne juu, kila moja upana wa kidole. Saa sita mchana kipimajoto kilisoma 61. Ami akafurahi, akawaita watu waone. Lakini plastiki ilikuwa imejaa matone kwa ndani. Ukiinama karibu unayaona yanaungana, yanateleza kufuata mwinamo, yanadondokea kwenye safu ya chini ya karafuu. Saa tisa tulipima: jamvi limeshuka hadi gramu 372, boksi lipo 418. Zile za upande wa chini zilikuwa zimeanza kupauka na kulainika, ukizibinya zinatoa unyevu. Tulikuwa tumetengeneza chungu cha kufukizia, si kikaushio.

Joto halikaushi peke yake. Joto huyatoa maji ndani ya karafuu, lakini ni hewa inayoyachukua na kuondoka nayo. Hewa ikishiba mvuke na haina pa kutokea, maji yanazunguka mle mle. Jamvi halifiki hata nyuzi 50, lakini lina upepo wa bure.

Kungekuwa na kioo na mbao, pale ndipo watu wanapoanza kulitetea sanduku badala ya kulitazama. Kadibodi haina wa kuitetea. Tulichukua kisu, tukakata mwanya wa sentimita 3 kwa upana wote wa sentimita 50 upande wa chini, tukauziba kwa nyavu ili nzi wasiingie. Upande wa juu tukatoboa duara mbili, tukasimamisha dohani mbili za makopo ya maziwa ya unga, matatu matatu, yametolewa vitako na kuunganishwa kwa utepe wa gundi, nje yamepakwa masizi. Kopo lile lina upana wa karibu sentimita 10, kwa hiyo mawili yana mlango wa sentimita za mraba 157, na mwanya wa chini una 150. Ukubwa huo ulilinganishwa kwa makusudi. Mlango wa kuingilia ukiwa mkubwa na wa kutokea mdogo, hewa husimama; ukigeuza, dohani hunyonya kupitia kila ufa ulioacha pembeni.

Hewa haionekani, lakini moshi unaonekana. Tulitoa karafuu zote, tukaweka chetezo cha ubani mbele ya mwanya. Dohani zikiwa zimezibwa kwa tambara, moshi ulifika mlangoni, ukajizungusha, ukarudi nje. Tambara likaondolewa: moshi ukavutwa ndani kama uzi, na baada ya muda mfupi ukatoka juu kwa Bi mkubwa, aliyekuwa anachungulia makopo. Usifanye jaribio hili karafuu zikiwa ndani, kwa sababu ile ile ya rangi.

Tukaanza upya na gramu 500 nyengine kila upande. Mara hii joto halikupita 48, na Ami alinung'unika kuwa tumeliua. Saa tisa boksi lilikuwa 312, jamvi 366. Hewa iliyoleta ubaridi ule ilikuwa ni faida mara mbili: karafuu inakauka upesi zaidi, na mafuta yake yanabaki ndani. Karafuu iliyookwa kwa joto kali hutoka nyeusi, inavunjika vunjika, na harufu nusu imekwenda na upepo. Boksi lilimaliza kama siku moja na nusu kabla ya jamvi. Karafuu ilikatika "ka!" ukiipinda, na kichwa kilikuwa na rangi ya dhahabu iliyoiva.

Basi wazo lilikuwa la kweli. Lakini ndani ya daftari mlikuwa na hesabu nyengine, na hiyo ndiyo iliyoirudisha karatasi ya fundi mezani. Kuigeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka karibu theluthi mbili ya yuniti moja ya umeme. Jua la siku safi humwaga kama yuniti 5 kwenye mita moja ya mraba, na sanduku la namna hii likitumia robo ya hizo limejitahidi. Yaani karibu kilo 2 za maji kwa mita moja kwa siku. Sanduku la Ami lilikuwa na mita za mraba 4.5: kilo 8 na kitu za maji, sawa na kilo 12 au 13 za karafuu mbichi. Siku za mchumo mkubwa shamba lilikuwa linatoa kilo 80 na zaidi. Angehitaji masanduku saba, na yote kwa kioo.

Ningeweza kumpigia hesabu hiyo tangu mwanzo, lakini nadhani asingeikubali. Namba za mtu aliyetoka skuli ni kitu kimoja. Gramu alizozisoma mwenyewe kwenye mizani, akiwa amevaa miwani yake, ni kitu chengine.

Jambo la maana zaidi tulilipata bila ya kulitafuta. Alasiri moja iliteremka mvua ya ghafla, watu wakaanua majamvi, na katika pilikapilika hizo boksi likasahaulika uani. Asubuhi kadibodi ilikuwa imelowa kwa nje, pembe moja imelegea, lakini karafuu za ndani zilikuwa kavu, na uzito wake ulikuwa umeshuka kidogo tangu jana. Zile zilizorundikwa ukumbini, ukitia mkono katikati ya rundo unasikia vuguvugu. Thamani ya boksi haikuwa kwenye ile siku moja na nusu. Ilikuwa katika kutoanua.

Ami alilielewa hilo kabla yangu. "Basi mimi sitaki jiko," alisema, "nataka mwavuli."

Mwavuli nao tulianza nao mdogo. Mita 2 za kichanja cha fito chenye nyavu, kimeinuliwa hadi gotini, juu yake pinde za mianzi na nailoni angavu, ncha mbili wazi. Hatukungoja mvua. Tulitoboa kitako cha ndoo kwa msumari, mtu akapanda juu ya ngazi akamwaga. Pinde zikiwa zimeachana mita 1, nailoni ililegea katikati, maji yakajikusanya tumboni mwake mpaka upinde ukalala. Tulizisogeza hadi sentimita 50 na maji yakateremka yote. Upepo ulikuwa adui mwengine: nailoni iliyobanwa kwa mawe ilipeperuka upande mmoja. Iliyokaa ni ile tuliyoikunjia ufito kwa urefu wote na kuifunga kwa kamba kwenye vigingi, huku pembeni ikiachwa wazi sentimita 15 kwa ajili ya hewa, maana somo la matone lilikuwa bado bichi.

Kuna mambo ambayo kadibodi na nailoni ya kufunikia meza haviwezi kukwambia. Havikwambii kitu kitaishi muda gani. Nailoni ya kawaida hupigwa na jua miezi michache ikawa ngumu na kuchanika. Ya kudumu ni ile ya mabanda ya mboga, iliyotiwa dawa ya kuhimili jua, unene wa maikroni 200. Havikwambii habari ya mchwa, wala ya mbuzi. Hayo hujaribiwa kwa kipande kidogo cha kitu chenyewe kilichoachwa nje msimu mzima, na kipande chetu tulikitundika kwenye ukuta wa choo siku ile ile.

Fundi alipokuja kuuliza kazi, alipewa kazi nyengine: pinde na vichanja vinavyokunjika, vya urefu wa mita 4, ili baada ya msimu vitiwe bandani. Kioo hakikununuliwa. Dohani za makopo Bi mkubwa alikataa zisitupwe, akalihamisha boksi zima hadi nyuma ya jiko, akaanika humo pilipili. Pilipili zilikauka vizuri, ila ilibidi aziweke chache, kwani ganda lake hutoa maji polepole kuliko karafuu na zikibanana huota ukungu kwenye vikonyo.