Bahasha juu ya friji

Nilipotimiza miaka 55, zawadi ya Serikali ya Uholanzi ilinifikia kwa posta, kipimo cha saratani ya utumbo mpana: kijichupa cha plastiki chenye kijiti ndani, pamoja na maelezo ya namna ya kuchokoa kinyesi changu, kukifunga na kukirudisha kwa bahasha isiyohitaji stempu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililelewa Tanga, na kwetu habari za chooni huishia chooni. Nikaiweka bahasha juu ya friji, wiki mbili nzima.

"Juu ya friji, baba Salma?"

"Bado haina kitu, mama."

Nikampigia mdogo wangu aliyeko Aarhus, Denmark. "Kaka, mbona mimi nililetewa hiyo nilipofika hamsini?" Kumbe Denmark huanza 50, Uholanzi 55, ingawa nchi zote mbili zilianza mpango huu mwaka 2014. Baraza la Umoja wa Ulaya limependekeza miaka 50 hadi 74, tangu mwaka 2003, likarudia Desemba 2022. Lakini pendekezo si sheria. Matumbo yetu yametoka kwa mama mmoja, ila yangu yalisubiri miaka mitano zaidi kwa sababu ya mpaka.

Nikaanza kusoma, na hapa ndipo nilipokaa sana. Kipimo hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Uholanzi walipoanza, aliyekutwa na maikrogramu 15 za himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, kwa gramu moja ya kinyesi aliitwa hospitali kuingizwa kamera kwenye utumbo mpana. Wakaitwa watu wengi kuliko walivyotarajia, foleni zikarefuka, na wengi hawakukutwa na kitu. Katikati ya mwaka huohuo kiwango kikapandishwa hadi 47. Mwenye 30 aliyeitwa mwezi wa pili, mwezi wa tisa angeandikiwa kwamba hana haja ya kuja. Damu ni ileile.

Siwalaumu. Kamera ina hatari zake, na kumwita mtu ukamweka miezi kwenye foleni ni kumtesa. Ila nilidhani namba hizi zinatoka mwilini tu, kumbe kwa sehemu zinatoka kwenye idadi ya madaktari na vyumba.

Jumatatu nikafunga mlango, nikafanya kazi yangu, nikapeleka posta mwenyewe. Majibu yalikuja: sina haja ya uchunguzi zaidi kwa sasa. Nikampigia mdogo wangu kumpa habari.

"Alhamdulillah, kaka."

"Na yako ilisemaje?"

Akanyamaza kidogo. "Yangu bado iko kabatini."