Rangi ya poda, oveni kuukuu na chumvi ya Likoni

Pikipiki ikilala Likoni karibu na bahari haichukui mda kushika kutu, na rangi ya kopo ya kupuliza kwangu haikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Bas nikaamua kujaribu rangi ya poda, ule unga mkavu unaopulizwa kwa chuma halafu unachomwa kwa oveni mpaka uyeyuke na kushika, mwenyewe nyumbani, nikaanza na vidude vidogo, futresti na stendi ya pembeni.

Yani kazi yote iko kwa kusafisha. Toa rangi ya zamani, piga msasa mpaka chuma king'ae, osha na thina, halafu usishike tena na mikono mitupu maana mafuta ya vidole yanaharibu. Alumini ya kumimina unaichoma kwanza kwa oveni bila poda itoe hewa na mafuta yaliyojificha ndani, mi niliruka hapo futresti ikatoka na vipele utadhani ina tetekuwanga.

Bunduki ya kupulizia inaipa poda chaji ya umeme, kipande unakifunga waya wa athi, ndo poda inajivuta yenyewe na kushika. Feni zima kwanza! Halafu oveni, digrii 200 hivi, dakika 10 hadi 20 kutegemea poda, ila unahesabu chuma chenyewe kikishafika joto, sio ulipofunga mlango.

Oveni iwe ya umeme, poda ikiruka hewani karibu na moto wa gesi inaweza kulipuka. Na ikishachoma poda haipikiwi chakula tena, mke wangu alinikodolea macho mpaka nikatafuta ya mtumba. Barakoa pia vaa. Stendi imetoka nyeusi tii, nimeigonga na spana haijabanduka.