Kete ya Sita na Tano

Unguja ilikosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na katika miezi ile mitatu baraza yetu ya Malindi ilijaa watu kila baada ya sala ya Isha, kwa kuwa ndani ya nyumba hakukaliki kwa joto. Karabai ilitundikwa msumarini, birika la kahawa likawekwa juu ya makaa, na dhumna, mchezo wa kete zenye namba pande mbili, ikachezwa hadi usiku wa manane. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimetoka kufundishwa uwezekano darasani, na sikuona haya kuwasomesha hesabu za kete wazee walioanza kuzicheza kabla sijazaliwa.

Ami yangu, fundi cherehani, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akazifunika kete zote 28.

"Mwanangu, nikiokota moja bila ya kutazama, uwezekano wa kupata yenye sita ama yenye tano ni kiasi gani?"

"Nusu, ami." Kila namba imo katika kete 7, saba na saba ni 14, nayo ni nusu ya 28.

Hakunibishia. Alizifunua, akazipanga safu moja zote zenye sita, kisha akaniamuru nipange zenye tano. Nilipata kete 6 tu. Nikainua ncha ya mkeka nikiitafuta ya saba, wazee wakicheka, hadi nilipoiona imetulia katika safu ya ami tangu mwanzo, sita upande mmoja na tano upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeihesabu mara mbili. Saba na saba, ukitoa ile moja, ni 13. Uwezekano ni 13 kwa 28, haufiki nusu. Nadhani neno "ama" ndilo lililonihadaa, maana mtu akikuuliza chai ama kahawa hatarajii uvitake vyote viwili, ilhali katika hesabu kete yenye namba zote mbili nayo imo, ila huingia mara moja tu.

"Na dabo sita ama dabo tano?" akauliza. Dabo ni kete yenye namba ile ile pande zote mbili.

Kwa kuwa nilikwishaungua, nilitoa moja tena. "Moja kwa 28."

"Umetoa nini?"

Nilinyamaza. Hakuna kete iliyo dabo sita na dabo tano kwa pamoja, basi hapakuwa na cha kutoa. Zilikuwa 2 kwa 28, yaani 1 kwa 14. Kosa hili la pili liliniuma zaidi kuliko la kwanza, kwani kanuni nilikuwa nimeishika kwa woga tu.

"Yenye sita ama dabo yoyote?"

Safari hii sikujibu mbio. Nilizipanga zenye sita, nikatafuta dabo zote saba, na mkono ukaenda wenyewe kwenye dabo sita.

"Kumi na tatu," nikasema.

Ami akanijazia kikombe, akaanza kuzichanganya kete.