Siku moja na tela: kutoka yadi ya Tabata hadi mizani ya Vigwaza

Saa 10 alfajiri, yadini

Kichwa cha semi, yaani gari la mbele linalovuta, kimewashwa kinajaza upepo, tela bado limesimama kwa miguu yake. Likishafungwa, jumla ni matairi 22 na mtu wa pembeni anaona gari moja. Trafiki anaona magari mawili. Tela lina kadi yake ya usajili, pleti namba yake, bima yake, taa zake na breki zake, na kosa lolote la upande wake anaandikiwa aliyeshika usukani. Faini nyingi za semi hapa Dar zinatokana na mita kumi na mbili za nyuma, ambazo dereva hazioni akiwa kwenye kiti. Ndiyo maana siku inaanzia chini, na tochi.

Kabla ya kurudi nyuma naangalia kimo. Uso wa chini wa tela unatakiwa uwe chini kidogo ya fifti wili, ile sahani ya kichwa inayopokea tela, ili kichwa kikiingia kilinyanyue kidogo. Tela likiwa juu mno, kingi pini, ile pini nene iliyo chini ya tela, inapita juu ya taya za fifti wili na kukaa mahali pasipo pake. Mlio wa kufunga unaweza kuusikia vilevile, ukadhani umemaliza. Likiwa chini mno, unagonga chasisi ya kichwa.

Ukisikia mlio, usishuke bado. Breki za tela zikiwa zimeshika, weka gia ya mbele, vuta taratibu, achia, vuta tena. Halafu ndiyo ushuke na tochi: taya zimekumbatia pini kwa nyuma, mpini wa kufungulia taya umerudi ndani wote, na kati ya sahani na tela hakupenyi mwanga. Ukiona mwanga, fungua uanze upya.

Inafuata mipira ya upepo. Mwekundu unapeleka upepo wa akiba, wa njano unapeleka amri ya breki. Subiri geji ifike kama bar 8, zima injini, kanyaga breki na ushikilie, huku tingo akizunguka tela akisikiliza. Sehemu inayovuja mara nyingi ni raba ndogo kwenye viungo vya mipira hiyo. Inakauka, inapasuka, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara yake. Upepo ukipungua kwenye mpira mwekundu, breki za springi za tela zinashika zenyewe. Semi lililoganda katikati ya Barabara ya Mandela pale Buguruni, foleni imefika Tabata, mara nyingi halina kosa kubwa kuliko hilo.

Saa 11 kasoro, taa

Hapa nakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotelea. Plagi ya kawaida ya volti 24 ina pini saba. Namba 1 ni athi, waya wa kurudisha umeme. Namba 2 ni taa ndogo za kushoto, 3 indiketa ya kushoto, 4 breki, 5 indiketa ya kulia, 6 taa ndogo za kulia. Namba 7 matela mengi hayaitumii.

Ugonjwa mkubwa wa pwani ni pini namba 1. Chumvi ya hewa na maji ya mvua vinaila, na athi ikilegea umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Dalili zake hazifichiki: ukiwasha indiketa, taa za breki nazo zinakonyeza, ukikanyaga breki, taa ndogo zinafifia. Mafundi wengine hapo wanaanza kubadilisha balbu moja baada ya nyingine. Usiwaruhusu. Chukua msasa mwembamba, safisha pini namba 1 pande zote mbili, panua kidogo mpasuko wa pini kwa bisibisi nyembamba ili ibane, paka grisi kiasi. Kama bado, fuata waya wa athi hadi ulipofungwa kwenye chasisi ya tela. Utaukuta umejaa kutu.

Stika za kuakisi mwanga: nyekundu nyuma, njano ubavuni. Zikiwa na matope ni sawa na hazipo, kwa hiyo tingo anapita na kitambaa na maji. Pleti namba ya nyuma isomeke, na taa yake iwake. Kwenye matairi naangalia kashata, yaani mikato ya tairi, naangalia jiwe lililobanwa kati ya tairi mbili za dabo, na naangalia nati. Mchirizi wa kutu ulioanzia kwenye nati kwenda nje unamaanisha nati imelegea. Tairi kipara la ndani ndilo linalosahaulika, na trafiki wazoefu huinama kuangalia hilohilo.

Saa 11, nyaraka

Leseni iwe daraja E, na huwezi kuipata kabla hujashika daraja D kwa miaka 3. Kadi mbili, ya kichwa na ya tela. Bima mbili pia: bima kubwa ya kichwa haifuniki tela, tela linahitaji walau bima ndogo ya kwake. Stika za bima siku hizi ni za kielektroniki na trafiki anahakiki kwa simu papo hapo, kwa hiyo hakiki wewe kwanza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa kuingiza namba ya tela. Wakala akikosea herufi moja ya namba, kwenye mfumo huna bima hata kama risiti unayo mkononi.

Leseni ya usafirishaji mizigo inatoka LATRA, chombo cha kudhibiti usafiri wa ardhini kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kikachukua nafasi ya SUMATRA. Rodi laisensi, ile ada ya gari ya kila mwaka, ilifutwa kwa bajeti ya 2017, gharama yake ikahamia kwenye mafuta, lakini bado utakutana na tajiri, yaani mwenye gari, anayemuuliza dereva wake iko wapi.

Mtungi wa kuzimia moto uwe na tarehe hai. Pembetatu mbili za tahadhari, na matawi ya mti hayahesabiwi.

Saa 12 asubuhi hadi saa 5, bandarini

Foleni ya Kurasini haina la kusimulia. Unasubiri. Kazi yenye uzito ni dakika chache za kupakia, na dereva wengi dakika hizo wako kwa mama ntilie.

Mizani ya nchi yetu inafuata Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019. Viwango vyake: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa zenye tairi za dabo tani 18, ekseli tatu za tela zenye dabo tani 24. Jumla tani 50 kwa gari la ekseli sita. Upeo wa sheria nzima ni tani 56, kwa ekseli saba. Tela lenye tairi pana moja moja linahesabiwa kwa kiwango cha chini zaidi, usilipigie hesabu ya dabo.

Watu wanashika ile 50 tu. Chukua kontena la futi 20 lenye tani 30, liweke katikati ya tela la futi 40. Kutoka kingi pini hadi katikati ya ekseli tatu ni kama mita 7.7, na uzito wa kontena umekaa mita 5.1 kutoka kwenye pini. 5.1 gawa kwa 7.7 ni asilimia 66, yaani karibu tani 20 zinazilalia ekseli za tela. Ongeza tani 5 hivi za uzito wa tela lenyewe zinazolalia ekseli hizo, umefika 25. Umezidisha. Na gari zima, kichwa cha tani 9 na tela la tani 7, lina tani 46 tu, bado 4 kufikia kikomo!

Sogeza kontena mbele nusu mita. Hesabu inakuwa 4.6 kwa 7.7, asilimia 60: tani 18 na 5 za tela, jumla 23. Kichwa kinapokea zilizobaki na ekseli zake mbili za nyuma zinakaa kwenye 17. Kwa hiyo kijana anayeelekeza krini naongea naye kabla kontena halijashuka: "Kaka, naomba uniwekee tundu za mbele." Ni tundu za kufungia kona za kontena kwenye tela. Kontena likishashuka hakuna wa kukusogezea. Tela ambalo tundu zake ziko katikati na mwisho tu halifai kontena zito la futi 20, na hilo tajiri aambiwe tangu yadini.

Twisti loki, vile vifungo vya kona za kontena, zote nne zizungushwe hadi mwisho na mpini ukae kwenye kishikio chake. Tatu hazitoshi. Kontena linaloruka kwenye tuta linaanza kwa kona moja.

Saa 6 mchana, Mandela hadi Kimara

Chini ya daraja la Mfugale pale TAZARA, Buguruni, Tabata, kisha Ubungo kwenye makutano ya Kijazi. Mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na nje ya makazi gari la biashara linalozidi tani 3.5 lina kikomo cha 80, hata kama kichwa kina uwezo wa kwenda zaidi. Kwenye mteremko ukiwa na tani 46, shuka gia mapema, breki ya injini ifanye kazi. Ukikalia pedali muda mrefu ngoma za breki zinapata moto, na moto ukizidi pedali inakanyagika lakini gari halisimami.

Simama kila baada ya saa moja au mbili, uguse maringi kwa mgongo wa kiganja, haraka. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake haiachii au beringi inakufa.

Saa 8 mchana, Kibamba

Mkono umenyooshwa, tunasogea pembeni.

"Habari za kazi, afande."

"Salama, dereva. Leseni, na kadi ya tela." Anapita nyuma. "Kanyaga breki."

Nakanyaga. Tingo anapiga ubavu wa tela: "Suka, taa ya kulia imelala." Suka ni dereva, na taa iliyolala haiwaki.

Alfajiri ilikuwa inawaka, na kwa afande hilo si hoja. Waya mwembamba ndani ya balbu hukatika kwa mtikisiko, hasa kikombe cha taa kikiwa kimelegea. Balbu ya volti 24, wati 21, inatakiwa iwe kwenye boksi, tatu au nne. Kuibadilisha ni dakika tano na tunaibadilisha hapohapo, lakini kosa limeshaandikwa: shilingi 30,000. Kubishana hakufuti kitu. Kinachofaa ni kusoma karatasi kabla ya kuondoka: namba ya gari, namba ya leseni, kosa lenyewe, kiasi, na kontrol namba. Herufi moja ikikosewa, deni linakwenda kwa mtu mwingine au la mwingine linakuja kwako, na marekebisho ni rahisi mkiwa bado mmesimama pamoja. Usipokubali kosa, usilipe. Kulipa ni kukiri, na njia yako ni mahakamani.

Malipo ni kwa simu au benki kwa kontrol namba, ndani ya siku 7. Ukizipitisha, inaongezeka asilimia 25, na 30,000 inakuwa 37,500. Pesa taslimu mkononi kwa mtu hailipi deni lolote kwenye mfumo.

Saa 10 jioni, Vigwaza

Mizani inasoma makundi ya ekseli moja moja. Ingia taratibu, mwendo mmoja, bila kukanyaga breki juu ya sahani: ukikanyaga, uzito unakimbilia mbele na usomaji wa kichwa unapanda. Karatasi inasema 23 kwa tela na 17 kwa kichwa. Tunapita.

Wanaozidisha wanaegeshwa pembeni, wanapigiwa tozo kwa dola, na mzigo hautoki mpaka upunguzwe au upangwe upya. Kwa kontena lenye lakiri ya forodha huwezi kuvunja ukapanga upya kienyeji, kwa hiyo hapo ni kulala, simu juu ya simu. Ndiyo maana nusu mita ya bandarini ina thamani kuliko faini zote za taa za mwezi mzima.

Saa 12 jioni, Chalinze

Tela linaachwa kwenye yadi, kichwa kingine kitaliendeleza Morogoro. Sakafu iwe tambarare na ngumu. Kwenye udongo weka mbao nene chini ya miguu, la sivyo usiku miguu inazama na asubuhi kimo hakilingani tena na fifti wili. Hendibreki ya tela, kabari kwenye matairi, teremsha miguu hadi iguse na ibebe kidogo, toa mipira na kebo ya taa, vuta mpini. Mpini ukiwa mgumu, usiupige nyundo. Rudi nyuma kidogo kuondoa mvutano kwenye pini, utatoka wenyewe. Halafu toka taratibu, usimame kichwa kikiwa bado chini ya ukingo wa tela, uhakikishe miguu imebeba.

Saa 3 usiku, Tabata

Nalipa ile 30,000 kwa simu na kuhifadhi ujumbe wa malipo. Kisha naingia kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni na kuingiza namba ya kichwa, halafu namba ya tela. Namba zote mbili, kwa sababu tela linabadilisha madereva, na deni la aliyelivuta wiki iliyopita linaweza kukuibukia wewe barabarani kesho. Kwenye daftari la fundi naandika: tela, taa ya breki kulia, kikombe kimelegea, kifungwe kwa skrubu mpya. Huko Morogoro nimeshawapigia, balbu ya akiba iko kwenye boksi la kushoto.